Pikipiki, redio na upepo: kwa nini spika kubwa haifui dafu katika njia ya Rubavu

Barabara inayotoka Kigali, ikapitia Musanze na kuteremka hadi Gisenyi, ina urefu wa kilomita zipatazo 155. Kwa pikipiki inayoendeshwa kwa uangalifu ni mwendo wa saa tatu au zaidi, kwa kuwa sehemu zilizonyooka ni chache: kuna mlima wa Shyorongi, kuna kona za Buranga, kuna malori yanayokwea taratibu na mizigo yake, na kuna vijana wa baiskeli wanaoteremka wakiwa na magunia ya viazi. Wapo wanaoipita njia hiyo mwishoni mwa juma kwa pikipiki kubwa za safari ndefu, wakifuata ufuko wa Ziwa Kivu. Wapo pia wamotari wa kawaida, wenye pikipiki za sentimita za ujazo 100 au 125, wanaompeleka abiria wa mbali au wanaokwenda kuwaona jamaa zao.

Karibu wote hutamani redio iwe mwenzao wa njiani, na hapo ndipo shida inapoanza. Redio iliyosikika vyema mbele ya karakana, pikipiki ikiwa imesimama, hugeuka mnong'ono mara mwendo unapofika kilomita 60 kwa saa. Mwenyewe hurudi kwa fundi akitaka spika kubwa zaidi na amplifaya yenye nguvu zaidi. Hufungiwa, hulipa, na juma linalofuata lalamiko huwa lile lile.

Hasara yake haiishii mfukoni. Mwendeshaji anayepandisha sauti mpaka ishinde upepo anayadhuru masikio yake bila kuhisi maumivu yoyote, na honi ya lori lililo nyuma yake haimfikii tena. Wakati huohuo, katika wilaya ya Rubavu redio ya njiani haiwezi kuhesabiwa kuwa anasa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, na Mto Sebeya ukafurika. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa pili wa mpaka. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba za Gisenyi, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kutoka Goma. Siku kama hizo aliye barabarani anahitaji kulisikia tangazo, alielewe neno kwa neno, na bado aisikie barabara.

Adui ni hewa

Kelele kubwa kuliko zote katika safari ndefu haitoki kwenye injini wala kwenye bomba la moshi. Inatokana na hewa inayoigonga kofia ngumu, au kasike kama wengi wanavyoiita nchini Rwanda, na kuvurugika kwenye kingo zake. Vipimo vilivyofanywa na watafiti ndani ya kofia za waendesha pikipiki vimeonyesha takriban desibeli 90 sikioni kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na takriban desibeli 110 kwa mwendo wa kilomita 160.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za mchele. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Zikiongezeka 10, nguvu imekuwa mara kumi, ingawa sikio huona kana kwamba sauti imekua mara mbili tu. Zikiongezeka 20, nguvu imekuwa mara mia. Tuseme spika ilikuwa ikitosha kwa wati 10. Upepo ukiongezeka desibeli 20, spika ile ile italazimika kupewa wati 1,000 ili mwendeshaji aisikie kama alivyoisikia mwanzo. Hakuna spika ya inchi nne itakayostahimili mzigo huo. Naye aliyeondoa amplifaya ya wati 20 akafunga ya wati 40 amenunua desibeli 3, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida hata mahali penye utulivu.

Umbali nao una ushuru wake. Spika iliyofungwa kwenye usukani iko karibu nusu mita au zaidi kutoka sikioni. Kila umbali unapokuwa maradufu mahali pa wazi, desibeli 6 hupotea. Baada ya hapo sauti hiyo iliyochoka inapaswa kupenya sifongo na gamba la kofia, ambavyo huzuia kwanza sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, t na k. Kinachobaki ni mvumo wa mtu anayesema jambo lisiloeleweka.

Watengenezaji wa pikipiki za safari ndefu walilitambua hilo zamani. Mwaka 1980 kampuni ya Honda ilipotoa Gold Wing Interstate, pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa tayari kwa safari za mbali, ilikuja na bodi kubwa ya mbele yenye kioo cha kukinga upepo, na redio ilipewa nafasi ndani ya bodi hiyo. Mpangilio huo unafaa kutazamwa vizuri: kioo kilikuwapo kabla redio haijafungwa. Pikipiki za namna hiyo siku hizi huwa na redio inayojiongezea sauti yenyewe mwendo unapopanda na kujipunguza mwendo unaposhuka, lakini hata hiyo hutegemea kioo kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kwa hiyo faranga za kwanza ziende kwenye kupunguza kelele, kabla ya spika yoyote kununuliwa. Kioo cha mbele kina ujanja wake. Kikiwa kirefu ipasavyo, hewa hupita juu ya kofia. Kikiwa kifupi kidogo, hewa iliyovurugika kwenye ukingo wake hupiga kofia moja kwa moja, na kelele huweza kuzidi ile ya kutokuwa na kioo kabisa. Njia ya kujua ni rahisi: katika sehemu iliyo wazi na salama, kwa mwendo wa wastani, mwendeshaji huinama kidogo, kisha hujiinua kidogo, akisikiliza ni wapi mvumo unatulia. Tofauti ya sentimita tatu au nne huwa kubwa kuliko ile ya spika mpya.

Mlango mwingine wa kelele uko chini ya kidevu, pale kofia inapoachana na shingo. Skafu nene iliyofungwa shingoni, ncha zake zikiwa zimechomekwa ndani ya koti zisije zikanaswa na gurudumu, hupunguza mvumo huo kwa gharama ndogo mno. Wakazi wa nyanda za Nyabihu, ambako asubuhi baridi huuma, huivaa kwa sababu nyingine. Faida ya masikio wanaipata bure.

Wati za kwenye boksi

Redio na amplifaya za bei nafuu huuzwa zikiwa zimeandikwa tarakimu za kutisha: wati 500, wati 1,000, na wakati mwingine zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma, na maandishi hayo huvuma kuliko chombo chenyewe. Tarakimu hizo, kama zina maana yoyote, huelezea mshtuko wa nukta moja, si kazi ambayo chombo kinaweza kuifanya kwa saa tatu mfululizo.

Kikomo chenyewe kinawekwa na umeme. Pikipiki ina volti 12, au zinazokaribia 14 injini ikizunguka. Kwa volti hizo, redio ya kawaida isiyo na kipandisha volti ndani yake, ikisukuma spika ya omu 4, haiwezi kutoa sauti safi inayozidi sana wati 20 kwa kila spika. Ndiyo maana redio ya gari iliyoandikwa wati 50 mara nne hutoa, kwa kweli, kama wati 18 hadi 20 kila upande. Neno la kutafuta kwenye karatasi ya maelezo ni RMS, yaani wastani wa nguvu inayodumu. Pasipokuwa na neno hilo, mnunuzi ana haki ya kutilia shaka.

Tarakimu nyingine ambayo wauzaji huitaja mara chache ni usikivu wa spika: desibeli ngapi hutoka kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja. Spika yenye desibeli 91 hupewa wati 10 ikasikika sawasawa na yenye desibeli 88 iliyopewa wati 20. Kwenye pikipiki ndogo, ambako kila wati hutafutwa kwa taabu, tarakimu hii ndiyo ya kuulizia kwanza.

Umeme unatoka wapi

Hapa pikipiki kubwa na ndogo zinaachana kabisa. BMW R 1250 GS, mojawapo ya zile zinazopendwa na wasafiri wa mbali, ina alteneta ya wati 510. Kuongeza redio, taa za ukungu na chaja ya simu hakuisumbui. Pikipiki ndogo ya kubebea abiria huzalisha wati zinazokaribia mia moja au pungufu, na kwa mwendo wa polepole huzalisha chini ya hapo. Taa ya mbele yenye balbu ya kawaida hula wati 35. Ongeza taa ya nyuma, taa za kuonyesha kona, honi na mfumo wa kuwasha plagi, na kinachosalia ni kidogo.

Amplifaya ikila zaidi ya kinachosalia, deni hulipwa na betri. Betri ya pikipiki ndogo mara nyingi ni ya saa-ampea 4 au 5. Chombo kinachovuta ampea 4 injini ikiwa imezimwa kitaimaliza katika muda wa saa moja hivi, na abiria atakaporudi kutoka sokoni atamkuta motari akihangaika na teke la kuwashia. Injini ikizunguka dalili huwa za polepole zaidi: taa hufifia kila besi inapopiga, na betri hufa baada ya miezi michache badala ya miaka.

Amplifaya za daraja D hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa hugeuza kuwa sauti sehemu kubwa ya umeme zinaoupokea, asilimia 80 au zaidi, ilhali zile za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu yake kama joto. Kwa pikipiki, tofauti hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi kidogo.

Kuhusu nyaya, mafundi waangalifu wana desturi ambazo hazina mjadala. Waya mwekundu wa amplifaya hutoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20. Fyuzi iliyofungwa upande wa amplifaya haiulindi waya wenyewe. Waya ukisuguliwa na chuma katikati ya njia, utawaka pamoja na kiti. Mahali pa kusuguliwa panajulikana: ni shingo ya usukani, ambapo nyaya hukunjwa kila dereva anapokata kona, mara mia kadhaa kati ya Buranga na ziwa. Waya uachiwe ulegevu pale, na uvalishwe mpira. Relei inayofuata ufunguo huzuia redio kuendelea kunywa betri usiku kucha.

Kuna pia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Wengi hudhani redio ni mbovu, wakanunua nyingine, na mluzi ukawafuata. Mara nyingi chanzo ni nyaya hasi zilizofungwa mahali tofauti tofauti kwenye fremu; zote zikirudishwa kwenye nukta moja, kwenye ncha hasi ya betri, mluzi hupungua au hutoweka. Ukibaki mkwaruzo wa mfululizo, plagi ichunguzwe. Plagi zenye kizuizi ndani yake, ambazo kwa chapa ya NGK hutambulika kwa herufi R katika namba yake, zilitengenezwa kupunguza usumbufu wa redio. Aliyeweka plagi isiyo na herufi hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi dukani amejifungia kituo cha kelele ndani ya injini.

Mvua na vumbi la volkano

Vyombo vinavyofaa magari haviishi kwenye pikipiki. Koni ya karatasi hunyonya maji ikavimba. Ya plastiki hustahimili. Alama ya IP kwenye boksi husomeka hivi: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa na chombo kinaweza kuzama kwa kina cha mita moja kwa muda wa nusu saa. IPX5 maana yake kinastahimili maji yanayorushwa, lakini herufi X inasema kwamba vumbi halikupimwa. Kwa mji uliojengwa kwenye udongo wa volkano, ambapo chembe za vumbi ni kali kama msasa, X hiyo si jambo dogo. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba hukamilisha kazi iliyoanzwa na vumbi, hasa kwenye viungo vya nyaya visivyofunikwa.

Besi ndiyo ya kwanza kufa

Wateja wengi huomba besi. Kwa bahati mbaya besi ndiyo inayomezwa kwanza, kwa sababu mvumo wa upepo ndani ya kofia umejaa zaidi katika sauti nzito, chini ya hezi 500. Kuongeza besi ni kumwaga maji ziwani: umeme mwingi huliwa, spika huteseka, na mwendeshaji haongezewi chochote. Maneno ya mtangazaji hueleweka hasa katika masafa ya kati ya hezi 1,000 na 4,000. Aliye na redio yenye vitufe vya kurekebisha sauti ashushe besi na kupandisha masafa ya kati. Ikiwa imesimama, redio iliyopangwa hivyo husikika kali na isiyopendeza. Kwa mwendo wa kilomita 60 husomeka kama gazeti.

Suluhisho linalofuata mantiki hiyo hadi mwisho wake ni spika bapa za ndani ya kofia, zinazounganishwa na simu au redio kwa bluututhi. Zikiwa sentimita moja au mbili kutoka sikioni hazihitaji wati 20. Sehemu ndogo ya wati moja yatosha, wala betri ya pikipiki haiguswi. Mafanikio yake hutegemea kitu kimoja kuliko bei: kila spika ielekee tundu la sikio lenyewe. Ikisogea sentimita mbili mbele au juu, sehemu kubwa ya sauti hupotea, na mwenyewe hupandisha sauti bure.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Kofia nyingi zina vishimo vya masikio ndani yake. Spika huwekwa humo. Pasipo na kishimo, wapo wanaokata kwa kisu povu gumu jeupe lililo chini ya kitambaa. Povu hilo ndilo linalopokea kishindo badala ya fuvu. Kofia iliyochongwa haifai tena kuitwa kofia. Na ile ya abiria, inayovaliwa na vichwa kumi kwa siku, iachwe kama ilivyo.

Hesabu ya masikio

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 88 ni saa nne. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 100 ni dakika 15. Desibeli 90 za upepo, zile zinazopatikana kwa mwendo wa kilomita 60, zinaruhusu saa mbili na nusu tu. Safari ya Kigali hadi Gisenyi inazidi muda huo kabla redio haijawashwa.

Sasa redio iwashwe. Ili ieleweke juu ya desibeli 90 za upepo inahitaji kuwa 95 au zaidi, na wakati wa wimbo unaopendwa hufika 100 bila mtu kugundua. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Dalili ya kwanza ni masikio kulia usiku baada ya safari. Ya pili, miaka baadaye, ni kutosikia vizuri sauti za watoto na wanawake mahali penye watu wengi, kwa kuwa uharibifu wa kelele huanza katika masafa ya juu, karibu na hezi 4,000. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa mno. Kwa motari, sikio ni sehemu ya zana za kazi.

Njia ya kutoka hapo huonekana kama kichekesho mpaka ijaribiwe: kuziba masikio ili kusikia vizuri zaidi. Vizibo vya povu laini vinavyouzwa katika maduka ya dawa, vikivaliwa sawasawa, hupunguza kelele kwa desibeli 20 hivi au zaidi. Upepo wa 90 huwa 70. Spika ya kofia iliyokuwa 95 huwa 75. Pengo kati ya redio na upepo limebaki lile lile la desibeli 5, lakini sikio, likiwa limetoka katika kiwango kinacholilemea, hutenganisha maneno kwa urahisi zaidi. Honi nayo hupungua kwa kiasi kile kile kama upepo, hivyo haifunikwi zaidi ya ilivyokuwa. Ndani ya mji, kwa mwendo mdogo, vizibo hivyo vinafaa kutolewa, kwani huko motari anahitaji kumsikia abiria anayesema ashushwe, na kengele ya baiskeli inayotokea ubavuni.

Mawimbi ya mpakani

Redio nzuri haisaidii pasipo na mawimbi. FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima ukisimama katikati, kituo hukatika. Hiyo ndiyo sababu ya sauti kuja na kwenda katika mabonde ya Gakenke. Anayeteremka kuingia Rubavu hukutana na jambo lililo kinyume: Gisenyi na Goma ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka, na vituo vya pande zote mbili hujaa kwenye redio, kukiwamo Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayotangaza pia kwa Kiswahili, sambamba na redio ya jamii ya RC Rubavu ya shirika la utangazaji la Rwanda. Kwa msikilizaji wa Kiswahili upande huu, utajiri huo ni wa thamani. Kifundi una taabu yake, kwani redio duni huchanganya vituo vilivyo karibu karibu. Antena iliyobandikwa kwenye plastiki bila kugusa fremu ya chuma huzidisha mchanganyiko huo. Ikifungwa kwenye chuma na kusimama wima, vituo hutengana.

Wanaotumia simu badala ya redio wapange kila kitu kabla ya kuondoka. Polisi wa usalama barabarani huwaadhibu wanaoshika simu wakiendesha, na kona za Nyabihu huwaadhibu hata pale ambapo polisi hayupo. Kamera za kupima kasi, zile ambazo Wanyarwanda wamezibatiza jina la Sofia, nazo zina faida isiyotarajiwa: anayetii mwendo uliowekwa hupata redio inayosikika zaidi kuliko anayekimbia.

Spika za nje, majirani na pikipiki za umeme

Spika za usukani zina kasoro ambayo haiondolewi na fundi yeyote. Kinachomfikia mwendeshaji kikiwa hafifu humfikia mgonjwa aliyelala kando ya barabara kikiwa kizima, hasa pikipiki inaposimama na mwenyewe akasahau kupunguza. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya mwaka 2018 inahesabu kelele kuwa uchafuzi, na mamlaka zimekuwa zikiisimamia kwa baa, makanisa na misikiti. Pikipiki yenye spika nne haina sababu ya kutarajia huruma.

Mabadiliko makubwa zaidi yanatoka kwenye injini zenyewe. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini Kigali zinatakiwa kuwa za umeme, na nyingine huonekana katika njia za mikoani. Pikipiki hizo hazina ngurumo, kwa hiyo katika mwendo wa mjini redio ndogo husikika bila juhudi. Barabarani, upepo ni ule ule. Betri kuu ina volti nyingi zaidi ya 12, na kuna kibadilishi kinachozishusha kwa ajili ya taa na honi. Fundi anayeunganisha amplifaya moja kwa moja na betri kuu huiunguza amplifaya hiyo papo hapo, na hucheza na umeme unaoweza kumdhuru yeye mwenyewe. Tena betri hizo mara nyingi ni mali ya kampuni, hubadilishwa vituoni, na dereva ndiye atakayeulizwa.

Kwa anayejiandaa na safari ya barabara ya ziwani kutoka Rubavu kuelekea Karongi na Rusizi, zaidi ya kilomita 200 za kona, jaribio la mwisho linafanyika kabla ya kuondoka mjini. Avae kofia, vizibo na skafu, awashe redio kwenye kipindi cha mazungumzo badala ya muziki, na aendeshe kilomita tano kwa mwendo atakaoutumia siku ya safari. Kisha asimame bila kugusa kitufe cha sauti, avue kofia na aiweke mkononi. Kama maneno ya mtangazaji yanamfikia mtu aliyesimama hatua tatu kutoka hapo, sauti iko juu mno, na kazi iliyobaki ni ya kioo na skafu.